Kabla Hamjauza Kabati la Mama

Barua za safari hii zimetoka Njoro, Kakamega, Nakuru mjini na Siaya, na zote zinaulizia nyumba: za wazazi, za mababu, na za watu ambao hatukuwajua. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika ghala la makumbusho, kule nyuma ambako mgeni hafiki, kwa hiyo nitajibu kama mtu aliyezoea kushika vitu vya wengine kwa mikono yake. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua ni familia nyingi ziko katika hali hiyo hiyo wakati huu.

SWALI: Mama, nakusalimu sana. Mimi ni kifungua mimba, tumezaliwa sita. Baba alikuwa karani wa reli na Mama alikuwa mshonaji. Baba alitutoka zamani, na Mama tumemzika mwaka jana. Nyumba waliyotujengea iko Njoro: kuta za mawe, paa la mabati, vyumba vinne na jiko la nje. Ndani kila kitu kipo kama Mama alivyokiacha. Ndugu zangu wanataka tuuze vitu, tubomoe, tujenge ploti za kupangisha. Kuna mnunuzi tayari wa kabati la vyombo. Sasa, mpwa wangu anayesoma London amenitumia picha za nyumba moja, namba 18 Stafford Terrace, ambayo watu huingia kuitazama ikiwa vilevile kama enzi za Malkia Victoria. Ananiambia mwenyewe hakuwa mwana wa mfalme wala jenerali, alikuwa mchoraji wa gazeti. Nyumba hiyo ilibakije? Na ya mama yangu mshonaji inaweza kubaki, au naota tu? — Kifungua Mimba, Njoro

Pole sana kwa kuondokewa na Mama. Na huoti.

Nianze na hiyo nyumba ya London. Mwenye nyumba aliitwa Edward Linley Sambourne, alizaliwa 1844. Mwaka 1867 alianza kuchorea jarida la Punch, lililokuwa likiwachora na kuwacheka wanasiasa wa Uingereza, na 1901 akawa mchoraji wake mkuu. Alimwoa Marion Herapath 1874, na mwaka uliofuata wakahamia hapo, mtaa wa Kensington. Ni nyumba ya safu, iliyobanana na za majirani huku na huku, nyembamba, ikienda juu orofa baada ya orofa. Walikuwa watu wa kipato cha kati waliopenda vitu vizuri na waliojikaza kuvipata. Kuta zilibandikwa karatasi za maua za mbunifu William Morris. Rafu zilipangwa vyombo vya kauri vya buluu na nyeupe, madirisha yakatiwa vioo vya rangi, na picha zikatundikwa fremu kwa fremu mpaka ukuta wenyewe ukawa hauonekani. Baadaye Sambourne alipobandika karatasi nyingine ya bei ghali sebuleni, ile ya zamani ilibaki nyuma ya picha, na imo mpaka leo. Mtu aliyewahi kupaka rangi nyumba bila kusogeza kabati anaelewa ilivyokuwa.

Kwa kuwa kila wiki alipaswa kutoa mchoro kwa haraka, alijifunza kupiga picha. Alimsimamisha mke wake, watoto, watumishi, hata akajisimamisha mwenyewe, huyu akiwa waziri, yule akiwa askari, kisha akachora kutokana na picha hizo. Bafu la nyumbani lilikuwa ndicho chumba chake cha kusafishia picha. Maelfu ya picha hizo yamebaki.

Sasa, ilibakije? Sambourne alifariki 1910, Marion akamfuata 1914. Mwana wao Roy hakuoa. Alikaa katika nyumba hiyo hadi alipofariki 1946, na hakubadilisha karibu chochote cha wazazi wake. Ikaenda kwa dada yake Maud, kisha kwa binti wa Maud, Anne, aliyeolewa na Bwana wa Rosse. Wakati wa Anne, vitu vya enzi ya Victoria vilikuwa vinadharauliwa kabisa huko London. Watu waliona ni vizito, vya giza, vya mababu wasiojua uzuri. Majumba yalivunjwa, fanicha zikauzwa kwa bei ya kuni. Anne akawaalika marafiki katika nyumba hiyo ya babu yake mwishoni mwa 1957, na mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa chama cha kutetea majengo ya enzi hiyo, Victorian Society, mwaka 1958. Mshairi John Betjeman na mwanahistoria Nikolaus Pevsner walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1980 Anne aliiuza nyumba hiyo pamoja na vilivyomo kwa baraza la jiji la London. Siku hizi iko chini ya halmashauri ya Kensington na Chelsea.

Hesabu miaka: 1875 hadi 1980, zaidi ya miaka 100 mikononi mwa familia moja. Katika miaka hiyo yote, bila shaka hakukukosekana mnunuzi wa kabati. Na wakati wa hatari kuliko wote haukuwa wa vita wala wa umaskini. Ulikuwa ule ambapo vitu vilikuwa vimechakaa kiasi cha kuonekana takataka, na bado havijafikisha umri wa kuitwa hazina. Kifungua Mimba, vitu vya mama yako viko katika umri huo leo. Kochi la mbao lenye mito ya sponji, vitambaa vyeupe alivyofuma kwa sindano ya kroshia vikafunika kila mgongo wa kiti, karabai, pasi ya makaa, redio ya betri, kalenda ya duka lililofungwa kitambo, vikombe vya enameli vilivyobanduka ukingoni. Hivyo vyote vilikuwa kila nyumba ya mfanyakazi kuanzia Nakuru mpaka Busia. Zunguka leo uhesabu ni nyumba ngapi zimebaki zikiwa navyo mahali pake. Kila likizo ya Disemba watu wanarudi nyumbani na kochi jipya, na la zamani linakuwa kuni za kupikia wageni wa Krismasi. Hili huniuma, na silifichi.

Kuna sababu ya pili iliyoiokoa nyumba ya Sambourne, nayo ni karatasi. Mwaka 1877, miaka miwili tu baada ya kuhamia, iliandikwa orodha ya vitu vyao, na orodha hiyo ipo. Marion naye aliandika shajara tangu 1881 mpaka alipofariki 1914: nani alikuja kula chakula cha jioni, nani aliumwa, matumizi yalikwendaje, mtumishi gani alimkasirisha. Kwa karatasi hizo mtunzaji anajua kiti kilikaa chumba gani na nani alikikalia. Ukiondoa karatasi, unabaki na fanicha kuukuu tu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: karatasi za mama yako ziko wapi? Mshonaji hakosi daftari la vipimo. Jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu, aina ya kola, amelipa kiasi gani na anadaiwa kiasi gani. Litafute daftari hilo kabla ya kitu kingine chochote, chini ya godoro, ndani ya sanduku la bati, nyuma ya cherehani. Likipatikana, umepata historia ya mavazi ya Njoro: lini akina mama waliacha gauni la marinda, ni harusi gani iliyovaa sare, ni mwaka gani sare ya shule ilibadilika rangi. Historia hiyo haijaandikwa popote pengine. Na baba yako karani hakukosa kubakiza stakabadhi, barua za uhamisho, picha ya pamoja mbele ya stesheni. Reli ilifika Nakuru 1900 na Kisumu Disemba 1901, miezi kumi na moja baada ya Malkia Victoria kufariki. Miji yetu hii ilikua kwa sababu ya reli, na waliouendesha uti wa mgongo wake kwa kalamu ni makarani kama baba yako. Makumbusho zina vichwa vya treni. Sebule ya karani ndiyo imekosekana.

Haya, sasa kazi. Kwanza, msihamishe kitu, hata kijiko. Chukua simu, simama kila pembe ya chumba upige picha, kisha kila ukuta, kisha kila droo ikiwa wazi kabla hujaigusa. Usifagie kwanza. Masizi juu ya sufuria ya jikoni ni habari, na pini zilizotapakaa chini ya cherehani ni habari pia: zinaonyesha mama alikaa upande gani na mwanga ulimjia kutoka wapi.

Kisha orodha. Kila kitu kipewe namba kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, si kubandikwa kwa gundi wala selotepu. Andika kwa penseli, maana wino wa biki huvuja na kutoboka upande wa pili. Kwenye daftari, mbele ya namba, andika ni kitu gani, kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, kilitumikaje, na kiliharibikaje. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo lenye hadithi. Kabati lenye mlango mmoja uliobadilishwa lina sababu.

Mwite shangazi, mama mdogo, na jirani aliyekuwa akija kushonewa. Wakalishe sebuleni humo humo, uwashe simu irekodi, kisha mpe kila mmoja kitu mkononi. Ukimwuliza mtu mzima "tuambie historia" atakujibu mawili matatu ya jumla. Mpe pasi ya makaa mkononi, ataongea mpaka jioni. Fanya hili mwezi huu. Kitambaa kinaweza kungoja, lakini shangazi wa miaka 80 huwezi kumwekea tarehe.

Maadui wa nyumba yenyewe mnawajua. Maji ndiyo ya kwanza: anzeni na mabati, mifereji ya paa na mahali maji yanapoangukia, kabla ya kuwaza rangi ya ukuta. Njoro ni baridi na unyevu, kwa hiyo fungueni madirisha mchana penye jua kavu, mfunge kabla ya jioni, na msisukume kabati likagusana na ukuta. Mchwa wa pili: ondoeni kuni na maua yanayoegemea nyumba, acheni ukanda mtupu kuzunguka msingi, mkague kila wiki kama kuna vijinjia vya udongo vinavyopanda ukutani. Jua la tatu: pazia zito mbele ya picha na vitambaa. Cherehani mtieni mafuta ya cherehani, basi. Msiisugue kwa msasa, mtafuta yale maua ya dhahabu. Na tafadhali, msimwite fundi apige kabati vanishi ling'ae. Alama ya kikombe cha moto aliyoiacha Mama juu ya meza ni ya Mama.

Upande wa sheria, waambie ndugu zako kwa upole kwamba mnunuzi wa kabati atangoje. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu haiguswi mpaka mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, na kuiuza kabla ya hapo ni kosa. Muda huo wa kungoja mahakama ndio muda wako wa kuandika orodha. Tena orodha hiyo itawasaidia hata kortini. Tangu 2021, baada ya sheria ya wadhamini kurekebishwa, familia inaweza kusajili amana ya familia, nyumba na vitu vikawa chini ya wadhamini mliowachagua wenyewe, asiweze mmoja kuviuza usiku. Muoneni wakili kuhusu hilo. Katiba nayo iliweka makumbusho za mashinani miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo ofisi ya utamaduni ya kaunti ni mlango wa kubisha, ingawa ningewashauri msiutegemee ndio uwe wa kwanza wala wa pekee. Nyumba ya Sambourne ilitunzwa na jamaa miaka 105 kabla ya serikali kuipokea.

Na ploti? Ndugu zako si watu wabaya. Wana karo za kulipa. Ikiwa uwanja unatosha, jengeni vyumba vya kupangisha nyuma, na mkubaliane kwa maandishi kwamba kodi ya chumba kimoja ni ya mabati na mifereji ya nyumba kubwa. Msitarajie kiingilio cha wageni kiwalipe. Wanafunzi watakuja kwa mpangilio, jamaa watakuja, mtafiti mmoja mmoja atakuja. Ikishindikana kabisa, okoa chumba kimoja, kile cha cherehani, na kila kilichokuwamo mahali pake, pamoja na daftari. Kwa maoni yangu chumba kimoja kilichoachwa kwa ukweli kinashinda nyumba nzima iliyopambwa upya kwa ajili ya wageni. Niandikie tena unieleze kama daftari limepatikana. Nitalingoja jibu lako kwa hamu kweli.

SWALI: Picha ya harusi ya babu na nyanya imegandamana na kioo cha fremu. Fundi wa fremu hapa Kakamega ameniambia niivute pole pole baada ya kuiweka juu ya mvuke wa maji ya moto. Pia Biblia ya babu ina matundu, na nikiitikisa unatoka unga. Nifanyeje? — Mjukuu, Kakamega

Usiivute, na mvuke usiusogelee! Picha za zamani zina utando wa jelatini juu ya karatasi, na ndani ya utando huo ndimo sura za babu na nyanya zilimo. Kakamega ina mvua nyingi, unyevu umeulainisha utando, ukashikana na kioo. Mvuke utaulainisha zaidi, nawe ukivuta, sura zitabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe itabaki mkononi.

Iache pamoja na kioo chake. Leo hii, itoe nje penye kivuli chenye mwanga wa kutosha, isimamishe wima, valia nguo nyeusi ili usijione ndani ya kioo, uipige picha kwa simu nzuri kupitia kioo hicho hicho. Piga nyingi. Zitume kwa jamaa watatu wanaoishi mahali tofauti, simu ikipotea zisipotee zote. Halafu ifunge picha kwa karatasi safi nyeupe, uiweke ikiwa imelala, kioo chini, ndani ya sanduku mahali pakavu, juu ya kabati na si chini ya kitanda. Kuitenganisha ni kazi ya mtu aliyesomea. Ukiwapata watu wa makumbusho wenye ujuzi huo, vizuri. Usipowapata, picha iliyoshikana na kioo inaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kudhurika zaidi, ilmradi iwe kavu.

Zile picha nyingine ambazo hazijashikana, ziwekee ukingo wa kadibodi kati yake na kioo, zisigusane. Na usizipeleke kupigwa laminesheni. Nimeona vyeti na picha nyingi za watu zilizouawa hivyo: ule moto na plastiki haviondoki tena. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Anza na wale ambao wewe tu ndiye unayewatambua.

Biblia ina wadudu walio hai ikiwa unga unatoka mpya kila ukiitikisa. Ifunge katika mfuko wa plastiki, utoe hewa, uufunge kwa selotepu usiingize kitu, kisha uweke kwenye friza inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa, usiufungue mfuko mpaka siku nzima ipite, ili matone ya maji yakae nje ya plastiki na si juu ya kurasa. Mwenye bucha au duka la samaki karibu nawe ana friza ya namna hiyo, na ukimweleza ni Biblia ya babu sidhani atakunyima pembe moja. Baadaye ifagie kwa brashi laini ya rangi. Kabla ya kuirudisha rafuni, angalia kurasa za mwanzo na za mwisho: wazee wetu waliandika humo tarehe za kuzaliwa, ubatizo na vifo. Zinakili.

SWALI: Mwalimu wetu ametupa kazi ya kuandika kuhusu nyumba za enzi ya Victoria zilizogeuzwa makumbusho. Je, ninaweza kuandika kuhusu Hyrax Hill na Kasri la Egerton? — Mwanafunzi, Nakuru

Zote mbili ni nzuri kuandikwa, lakini si za enzi ya Victoria. Enzi hiyo ilikwisha Januari 1901.

Hyrax Hill jengo la makumbusho lilikuwa nyumba ya shamba ya mlowezi, na lilifunguliwa kama makumbusho 1965. Yenye umri mkubwa ni kilima chenyewe, kilichopewa jina la pimbi waliojaa kwenye miamba yake. Mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alipaona 1926, mke wake Mary Leakey akapachimba 1937 na 1938, na mwaka 1943 pakatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu panapolindwa. Ukifika, usiishie ndani. Toka uone makaburi na mashimo ya makazi ya kale, na uulize kuhusu bao zilizochongwa kwenye mwamba.

Kasri la Egerton pale Njoro lilianza kujengwa 1938, likasimama kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, likakamilika 1954. Ila mwenyewe, Maurice Egerton, alizaliwa 1874, kwa hiyo alilelewa katika enzi hiyo unayoulizwa. Hapo pana mada nzuri: mtu aliyezaliwa enzi ya Victoria akijenga jumba la vyumba 52 katika Bonde la Ufa nusu karne baada ya enzi hiyo kupita. Alifariki 1958 bila mtoto. Jumba la ukoo wake kule Uingereza, Tatton Park, liliachiwa shirika la National Trust, nalo hutembelewa na umma. Ukimlinganisha yeye na familia ya Sambourne niliyoieleza hapo juu, utakuwa na insha. Nami nakuomba uongeze aya moja kuhusu wafanyakazi waliobeba mawe ya kasri hilo. Pengine yuko mzee kijijini kwenu ambaye baba yake alikuwa mmoja wao. Mwulize.

SWALI: Nimesoma mnavyosifia kuhifadhi nyumba za marehemu. Sisi huku Siaya tuna nyumba ya babu ya udongo na nyasi, boma lote bado limesimama. Mimi na binamu zangu tulitaka tuitengeneze iwe mahali pa watoto kuja kujifunza. Mjomba amekataa. Anasema nyumba ya mtu aliyekufa haikarabatiwi ili iwe ya maonyesho, inaachwa ianguke yenyewe kwa wakati wake, na mambo ya boma yana utaratibu. Binamu zangu wanataka tuendelee kimya kimya. Wewe unasemaje? — Mjukuu wa Siaya

Nasema msiendelee kimya kimya.

Nimetumia maisha yangu kuzuia vitu visioze, na bado naamini mjomba wako ana haki ya kusikilizwa hadi mwisho. Kule London, kuiacha nyumba kama ilivyokuwa ndiko kulikowaheshimu wazazi wa Roy. Kwenu, utaratibu wa boma ni sehemu ya hilo boma sawa na mlango na ghala. Mkiukarabati ukuta kwa kuuvunja utaratibu, mtakuwa mmewaonyesha watoto udongo na nyasi tu, na lile lililoifanya ikaitwa boma mtakuwa mmelifuta wenyewe.

Mkae naye, mumwulize mambo mahsusi. Je, kinachokatazwa ni kukarabati, au ni kulala mle, au ni kuingiza watu wasio wa ukoo? Je, kuna jambo ambalo halijafanywa, ambalo likifanywa njia itafunguka? Wazee wengine wa ukoo wanasemaje? Mara nyingi katazo la mzee lina mlango ndani yake, ila hauonyeshwi mtu aliyekuja amekwisha nunua misumari.

Na nendeni naye Kisumu, mumpeleke makumbusho pale, mkaione Ber-gi-dala. Ni boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi: nyumba za wake watatu, ya mwana mkubwa, ghala, zizi. Lakini si boma la marehemu yeyote. Ni la mtu wa kubuni, limejengwa liwe la kufundishia. Hapo pana njia ambayo mjomba anaweza kuikubali: mjenge boma la mfano mahali pengine, shuleni au kwenye uwanja wa kijiji, kwa vipimo vya boma la babu, na lile la babu lenyewe liende kwa mwendo wake. Bondo pia si mbali nanyi. Pale nyumbani kwa Jaramogi Oginga Odinga familia ilichagua njia yake, kaburi na makumbusho vikawa pamoja. Muone namna mbili tofauti kabla ya kuamua yenu.

Lolote mtakaloamua, kazi ya kupima inaweza kuanza sasa kama mjomba ataridhia, na nadhani ataridhia kwa sababu haigusi chochote. Pimeni upana wa kila nyumba na umbali kati ya nyumba na nyumba. Andikeni mlango umeelekea wapi na lango la boma liko upande gani. Hesabuni nguzo, mwulize ni mti gani na kwa nini mti huo. Nyasi za paa ni za aina gani, zilikatwa wapi, ziliezekwa msimu gani, kwa mafungu mangapi. Ya sakafu na kuta waulizeni akina mama waliokuwa wakizisiriba, maana mchanganyiko wa udongo na samadi wanaujua wao, na wanaume watawakisia tu. Mwekeni mjomba mwenyewe atembee nanyi akielekeza, yeye akitaja na wewe ukiandika, na picha zipigwe pale tu anapokubali. Mkimaliza, pigeni chapa nakala mbili, na moja akae nayo yeye.